Namba Iliyosimama Mbele ya Wazazi

Kila ninayemsimulia kisa hiki huniuliza swali moja kabla sijafika mbali: kwani ulikosa namba nyingine? Nikose wapi! Namba hazina mwisho, jameni, mtu atakosaje namba? Ningeweza kuchukua milioni moja, wazazi wangepiga makofi, tungekula pilau tukaenda zetu nyumbani, na leo ningekuwa bado nafundisha hesabu. Lakini sikutaka milioni moja. Nilitaka ile. Na niseme mapema, mtu asije akakaa akisubiri nitubu: ningeulizwa leo, ningechagua ile ile.

Inaandikwa hivi. Moja, halafu sufuri kumi na tatu, halafu sita tatu zimefuatana, halafu sufuri kumi na tatu tena, halafu moja. Tarakimu thelathini na moja. Uianzie kushoto, uianzie kulia, unasoma kitu kilekile. Na ni namba tasa, yaani hakuna namba inayoweza kuigawanya bila kubakisha kitu, isipokuwa moja na yenyewe. Saba haiingii, inabakisha nne. Kumi na tatu haiingii, inabakisha tatu. Kumi na saba inakaribia kweli, inabakisha kumi na sita, ingeongezwa moja tu ingeingia. Lakini haiingii. Namba kubwa namna ile, nusu yake ni sufuri tupu na zaidi, na haina mlango hata mmoja.

Nilikutana nayo mwaka niliofiwa na mume wangu. Aligongwa na lori lililokatika breki pale Maungu, mchana kweupe, akivuka barabara kwenda kununua maji ya kunywa. Sisemi zaidi ya hapo. Tulimzika kwao, na baada ya matanga watu wa kwao wakaketi kugawana vitu vyake, kama desturi ilivyo. Shati kwa huyu, koti kwa yule. Viatu vilijaribiwa mbele ya macho yangu. "Vinakubana?" "Kidogo, vitazoea." Redio ikaenda huku, baiskeli ikaenda kule. Sikuibiwa, na wala sisemi niliibiwa, kila kitu kilifanywa kwa adabu na maombi. Lakini nilipomwona mwanamume mwingine anatembea uani akivijaribu viatu vya mume wangu, kitu fulani ndani yangu kilikatika, nikafunga mfuko wangu nikaenda kwa mama, kule Chawia milimani.

Mama ni mjane pia, analima maharagwe na ndizi kwenye kipande cha mteremko, na kanisani ndiye kiongozi wa akina mama. Mtu wa watu. Alinipokea bila maswali. Sikuoga mpaka anichemshie maji na kunisimamia. Sikula mpaka anitilie tonge la kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, mkononi. Na sikulia, hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana kwetu mfiwa asiyelia anaangaliwa kwa jicho la wasiwasi.

Ile namba niliiona kwenye simu, alasiri moja ya ukungu, nimekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba ambako mtandao hushika. Mtu wa ng'ambo alikuwa ameandika habari zake. Alisema ni tasa, imethibitishwa na mashine. Nikasema moyoni, haya, hebu tuone. Nikachukua kalenda za kanisa za miaka iliyopita, mama huzitunza zote, nikaanza kugawanya kwa mkono nyuma ya kurasa zake. Kwa saba. Kwa kumi na moja. Kwa kumi na tatu. Najua mwenye akili atasema nilikuwa napoteza wakati, kwa sababu kuithibitisha yote kwa mkono hakuna binadamu atakayeishi muda huo. Sikuwa nathibitisha. Nilikuwa nataka kuiona inakataa. Nilikuwa nimeshuhudia kila kitu cha maisha yangu kikigawanywa mbele yangu, viatu na vyote, na hiki hapa kilikuwa kitu ambacho ukikigawanya kinabakisha, kila mara kinabakisha. Kila nilipopata baki nilivuta pumzi. Baada ya siku kadhaa nikaanza kula. Halafu asubuhi moja nikalia, nikalia mpaka nikalala, na nilipoamka nikaomba maji ya kuoga mwenyewe.

Mama aliona nini? Aliona binti yake amekaa kwenye jiwe kutwa nzima, midomo inacheza, anaandika sufuri. Hakuuliza. Alizikusanya zile kalenda moja moja akawashia moto, na mimi sikujali, zile nilikuwa nimeshamaliza nazo, nikachukua nyingine. Sikumweleza. Ningemweleza vipi? Niliamini anaona mwenyewe kwamba napona.

Nilirudi kazini, nikahamishiwa shule ya wasichana iliyo kwenye mteremko ukitoka Voi kupanda milimani. Jina silitaji. Mfadhili wake ni kanisa, kama shule nyingi za kwetu. Nikapewa hesabu vidato viwili, na klabu ya hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyeitaka, maana ilikuwa mahali pa kutupia wasichana waliokataliwa na klabu ya drama. Siku ya kwanza walinitazama kwa macho ya usingizi. Nikaiandika ubaoni, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nikawaambia: ivunjeni.

Ile sita sita sita waliiona, ndiyo. Mmoja akasema, "Madam, hiyo si ya shetani?" Darasa likacheka kwa woga. Mimi nimelelewa kanisani, mambo ya chapa ya mnyama wa Ufunuo, na sita sita sita yake, nimeyasikia tangu nikinyonya. Hata serikali ilipoleta mambo yake ya namba mpya za kujisajili, kuna majirani wa mama waliokataa kwa sababu hiyohiyo. Kwa hivyo usinidhanie mgeni. Nilijua, na nilitaka. Nilitaka wasichana wale washike hicho wanachotishiwa nacho, wakigeuze, wakipime. Nikawaambia waigawanye ile mia sita sitini na sita ikiwa peke yake. Mbili ikaingia. Tatu ikaingia, ikaingia tena. Thelathini na saba ikaingia. "Ebo! Kumbe ni laini hivi?" akasema yule yule aliyeuliza. Laini kabisa. Ukijumlisha moja mpaka thelathini na sita unaipata hiyo. Haina nguvu yoyote, ni namba ya kawaida inayogawanyika ovyo.

Kulikuwa na msichana mmoja mpole, mama yake ana kibanda cha chakula Miasenyi, kando ya barabara kuu. Ndiye aliyegundua jambo la thelathini na saba. Alikuja mbele bila kuitwa akaandika kwamba ukiigawanya namba nzima kwa thelathini na saba, zile sita tatu zinatoweka zote, zinabaki zile moja mbili za pembeni, na baki ni mbili. "Kwa hivyo, Madam, wanaoilinda ni wale wa pembeni," akasema. Nilitaka kumkumbatia. Nimefundisha miaka, na sijasikia tena sentensi tamu kama ile kwenye darasa la hesabu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, kila klabu ilipewa nafasi. Kwa kawaida klabu ya hesabu haikupewa kitu, au ilipewa kazi ya kupanga viti. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikaomba dakika chache. Akasaini ratiba bila kuinua kichwa. Tulikuwa na wasichana thelathini na moja kamili, nami nikaichukulia hiyo kuwa baraka, Mungu anisamehe. Kila mmoja alipewa tarakimu yake kwenye karatasi ya manila, imeandikwa mbele na nyuma, ili walio kwenye mahema wasome, na wapishi kule jikoni nyuma yetu nao wasome, na wote waone namba moja. Yule wa Miasenyi aliomba sita ya katikati. Ilikuwa haki yake.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, mahema yamejaa, mchungaji yuko safu ya mbele na mwenyekiti wa wazazi pembeni yake. Kwaya ikaimba. Drama ikachekesha. Mimi nikasimama na maikrofoni, wasichana wakaingia kwa mstari, karatasi wamezibana kwapani. Nikasema, "Wazazi wetu, leo tutawaonyesha namba isiyovunjika." Nikawapa ishara. Wakainua.

Halafu nikasikia mtu mmoja kwenye hema anasoma kwa sauti: sita, sita, sita. Halafu kelele. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nilikuwa na maneno yangu yote, lakini mama wa yule msichana wa Miasenyi alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake. Alifunga kibanda chake siku ile kuja kumwona mwanawe, amejifunga leso zake mpya, na alichokiona ni mwanawe amesimama katikati kabisa ya kitu anachokiogopa kuliko mauti. Simlaumu. Yeye simlaumu. Alimshika mkono akamvuta nje ya mstari, msichana analia "mama ngoja, mama ngoja," na wasichana waliobaki, kwa sababu walikuwa wamefunzwa vizuri, wakasogea kuziba pengo.

Sasa sikia kilichotokea. Namba ikabaki na tarakimu thelathini. Moja, sufuri kumi na tatu, sita mbili, sufuri kumi na tatu, moja. Na namba yoyote inayosomeka sawa mbele na nyuma, ikiwa tarakimu zake zinahesabika kwa jozi, lazima igawanyike kwa kumi na moja. Lazima. Niliona hivyo mara moja, bila kufikiri, kama mtu anavyoona chungu kinaanguka. Na maikrofoni ilikuwa mdomoni. Nikasema, mbele ya mahema yote, watu wanapiga kelele, mtoto analia, "Sasa inagawanyika kwa kumi na moja."

Maneno hayo yalizunguka kaunti nzima. Mtu alikuwa amerekodi. Kabla sijafika nyumba yangu ya kupanga mjini, video ilikuwa kwenye simu za wazazi, na jioni hiyo ikafika Chawia kwa akina mama wa kanisani kwa mama yangu. Ati mwalimu anaabudu shetani. Ati amewapanga watoto kwa namba ya mnyama. Ati mzazi alipomtoa mtoto wake, mwalimu akatamka maneno ya kuloga, kumi na moja, kumi na moja. Haki ya Mungu, kuna mtu aliapa kwamba alinisikia nikisema kwa lugha isiyojulikana.

Umewahi kuona shule ambako neno hilo limetajwa? Ukishaitwa mwabudu shetani, hakuna barua ya kukufukuza inayohitajika. Unasimamishwa kazi, jina linakutangulia, na hakuna mwalimu mkuu kutoka Voi mpaka Taveta atakayekupa darasa. Mimi sikuwa na mume, sikuwa na shamba, sikuwa na kitu kingine duniani nilichokijua zaidi ya kusimama mbele ya ubao. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini.

Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa chakula. Bodi, wazazi, mchungaji, walimu. Mama alikuja kutoka Chawia bila kuitwa, amevaa sare yake ya kanisa, akaketi nyuma. Nilipomwona nilipata nguvu. Nikajiambia, angalau yuko mmoja.

Mchungaji alifungua kwa maombi, kisha naibu wa mwalimu mkuu akasimama na simu yake. Huyu tulikuwa hatupatani tangu zamani, na siku ile alikuwa na raha ya mtu aliyeokota kitu. "Nimeitafuta hii namba," akasema. "Ina jina. Imepewa jina la pepo." Ukumbi ukaguta. Akazungusha simu, watu wakapokezana, wengine wanaishika kwa ncha za vidole.

"Ni kweli, mwalimu?" mchungaji akaniuliza.

"Ni kweli. Kuna mtu huko ng'ambo aliyeipa jina hilo kwa mzaha, kwa sababu ya zile sita. Hata zile sufuri kumi na tatu zilimchekesha, maana kwao kumi na tatu ni mkosi."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Mwenzangu wa jiografia alifumba macho kabisa. Lakini ningesemaje? Ningesema sikujua, kisha mwanafunzi mmoja asimame aseme Madam alijua? Nikaanza kueleza. Nikaeleza ile mia sita sitini na sita inavyogawanyika, nikaeleza thelathini na saba, nikaeleza utasa. Mwenyekiti wa wazazi, mwanamume wa maneno machache, akauliza swali zuri ambalo mpaka leo namheshimu nalo: "Mwalimu, wewe umehakikisha mwenyewe kwamba haigawanyiki?"

"Kwa mkono haiwezekani. Imehakikishwa na kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

Nani anajua kompyuta ya nani?

Na hapa lazima nimtendee haki mchungaji, kwa sababu watu humsema vibaya nikisimulia. Alikuwa akinitafutia mlango. Aliinama mbele, akasema kwa upole, "Mwalimu, sita ukiigeuza juu chini ni nini?"

"Ni tisa."

"Basi. Huenda wale watoto watatu walishika karatasi vibaya. Huenda zilikuwa tisa. Watoto ni watoto, walikuwa na wasiwasi. Ukituambia hivyo, mimi nitafunga mkutano huu kwa sala na tutakunywa chai."

Ukumbi mzima ukanitazama. Naibu akanuna. Nikaona mwalimu mkuu anatikisa kichwa polepole, sema ndiyo, sema ndiyo wewe mwanamke. Neno moja tu lilihitajika. Na huenda ningelisema, mimi si malaika, ningelisema kwa ajili ya ubao wangu na mkate wangu. Lakini ningekuwa nimewatwika kosa wasichana watatu, na mmoja wao ni yule wa Miasenyi, ambaye mama yake alikuwa ameketi pale pale. Na kabla hata sijalipima hilo, mdomo wangu ukawa umeshatangulia, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, naona kitu nakisema.

"Zikiwa tisa, mchungaji, inagawanyika kwa kumi na moja."

Wee! Kumi na moja tena. Mtu akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Mchungaji akaegemea kiti chake, nikaona amekata tamaa nami. Nikajaribu kueleza kwamba ni kweli, mtu yeyote achukue kalamu, unajumlisha unatoa unajumlisha unatoa, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mwenyekiti alikuwa ameshachukua kalamu yake kuandika uamuzi.

Ndipo mama aliposimama.

Alianza kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kisha akarudi kwa Kiswahili ili wote wasikie. Aliwasalimia kwa jina la Bwana, wakaitikia, wengi wanamjua. Akasema, "Mwanangu si mtu wa shetani. Nimemzaa, nimempeleka kubatizwa, namjua. Mwanangu ni mgonjwa."

Nikageuka kumtazama. Hakunitazama.

"Alifiwa na mume, kichwa kikamruka. Alikaa kwangu hapo Chawia, haogi, halii, anakaa kwenye jiwe anahesabu. Kutwa nzima anahesabu. Aliandika masufuri kwenye kalenda za kanisa, kurasa kwa kurasa, mimi nikichoma yeye anaandika zingine. Nilidhani amepona, kumbe haijamtoka. Mmemsikia wenyewe, kumi na moja, kumi na moja. Huyo si shetani, jamani. Hiyo ni huzuni imempanda kichwani. Msimfukuze. Mwombeeni."

Ukumbi uliyeyuka. Sijui nitumie neno gani. Watu waliokuwa tayari kunirushia viti walianza kusema pole, pole mwalimu, tulikuwa hatujui. Mama wa Miasenyi alikuja akanishika mkono, machozi yanamtoka, akaniomba msamaha, mimi! Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, mchungaji akaomba sala ndefu na ya upendo ili akili yangu ifunguliwe. Mimi nimesimama katikati yao. Ningesema nini? Ningesema si mgonjwa? Kila mgonjwa wa namna hiyo husema si mgonjwa. Ningesema ile namba ndiyo iliyoniponya? Nani hapo angenisikiliza?

Basi sikufukuzwa. Nilipewa likizo ya ugonjwa muhula mzima, na niliporudi nikaambiwa nisichoshe akili, nifundishe jiografia, ambayo niliisomea chuoni pia. Klabu ya hesabu ilivunjwa. Yule msichana mama yake alimhamisha, sikuwahi kumuaga. Walimu wenzangu wananipenda sana siku hizi. Wananiongelesha polepole. "Mwalimu, unaendelea vipi?" Si habari yako, si umeamkaje. Unaendelea vipi. Na nikijumlisha alama za mtihani, mwenzangu mmoja huchukua karatasi zangu kimyakimya akajumlisha upya. Anafikiri simwoni. Naibu yule niliyekuwa siivi naye chungu kimoja, hata yeye ameacha kunichokoza, na hilo linaniuma kuliko uchokozi wake wote, kwa sababu ninajua limetokana na huruma.

Niliweza kuyabeba hayo yote kwa sababu ya wazo moja. Nilijiambia kwamba mama alidanganya kwa ajili yangu. Mwanamke wa kanisa, kiongozi, mtu asiyetia chumvi hata kwenye habari ya mvua, alisimama mbele ya mchungaji wake akatunga uongo mkubwa ili mwanawe asilale njaa. Nilipokuwa nachora ramani za mito kwenye ubao, roho inanichoma, nilikuwa najikumbusha hilo. Kuna mtu mmoja anayejua kwamba kichwa changu ni kizima, na alikitoa kafara kichwa hicho ili anibakize. Lilikuwa jambo chungu, lakini nililishika kama mali.

Likizo ya Desemba iliyopita nilipanda Chawia kumsaidia. Tulikuwa tumekaa mlangoni asubuhi, tunachambua maharagwe, kila mmoja na ungo wake. Hewa nzuri, hakuna haraka. Nikaona ndio wakati wa kumshukuru, maana nilikuwa nimemnunia muda mrefu na sikuwahi kumwambia sababu.

"Mama," nikasema, "ule uongo wa siku ile nimekusamehe. Na nakushukuru pia."

"Uongo gani?"

"Wa pale ukumbini. Kwamba mimi ni mgonjwa."

Alitoa harage bovu, akalitupa uani. Akatoa jingine.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijawahi kusema uongo mbele ya mchungaji."

Nilimtazama nikitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na uso uleule wa siku zile aliponisimamia nikioga, uso wa mtu anayeangalia sufuria isimwagike. Nikaelewa kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba kichwa changu ni kizima, si ukumbini, si pale mlangoni, na hapakuwahi kuwa.

"Bado zinakujia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Hizo namba."

Nilikuwa nimeamka nazo asubuhi hiyo. Nilikuwa nikiigawanya ile namba, nimeshapanda mpaka namba tasa za mamia, kichwani, bila karatasi, na kila moja ilikuwa imebakisha.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hazinijii tena."

Akafumba macho, akasema asante Yesu, akanipunguzia maharagwe kwenye ungo wangu ili nisichoke.